Bunduki ya Mashemeji Wawili

Benchi la pale si benchi hasa. Ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya ringi mbili za lori na kuegemezwa ukuta wa ghala la magodoro, karibu kabisa na geti. Tundu la kitasa halikuzibwa, na anayekalia hapo hufinywa mahali ambapo mtu mwenye heshima zake hawezi kujipapasa hadharani; ndiyo maana mgeni hukaribishwa hapo kwa tabasamu pana. Jioni hiyo Mama Birika alikuwa ameshapuliza mkaa, vikombe vimepangwa, na wenye benchi wametimia. Alikuwapo Koplo, mstaafu wa jeshi, mwenye masharubu yanayosimama wima hata mwenyewe akisinzia. Alikuwapo Spana, fundi magari wa gereji ya ng'ambo ya barabara, ambaye rangi halisi ya mikono yake haijulikani na yeyote isipokuwa Mungu na labda mkewe. Alikuwapo Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja, ila hajawahi kushindwa kesi, maana huongea mpaka mshitaki anakwenda zake nyumbani. Na mwisho wa benchi, upande wa geti, alikaa mlinzi wa ghala, Mchana, na bunduki imelala mapajani mwake juu ya gunia, imekunjwa katikati, haina risasi.

Mchana ni jina la kazi. Hulinda ghala kuanzia jua linapochomoza, na jua likizama hupokewa na mwenzake, ambaye benchi lilimwita Usiku bila kufikiri sana. Wawili hao walipokezana koti moja, kiti kimoja kisicho na mgongo na bunduki moja ya mtutu mmoja. Tena Usiku alimwoa dada yake Mchana, kwa hiyo ulikuwa ulinzi wa kifamilia: mashemeji wawili wanalinda magodoro elfu ya watu wengine, na wote wawili wanalala kwa mafungu.

Sasa bunduki ilikuwa imegoma. Alfajiri ya juzi, mvua ikinyunya na taa ya geti imeungua, mtu aliingia bila hodi. Usiku akamlenga, akavuta. Bunduki ikasema "tup", kama mzee anayefunga kinywa baada ya kuamua kutojibu. Leo asubuhi msimamizi wa kampuni alikuja, akampongeza Usiku kwa ushujaa, akailaani bunduki, kisha akatoa amri: leo jioni wakati wa kupokezana atakuja kuijaribu mwenyewe, na isipopiga, mashemeji wote wawili watafute magodoro mengine ya kulinda.

Hayo benchi lilikuwa linayajua. Lisiloyajua ni kwamba aliyeingia getini alfajiri ile hakuwa mwizi. Alikuwa Mchana mwenyewe.

Alikuwa amewahi kazini, gunia kichwani kwa ajili ya mvua, ufunguo wa mlango mdogo mkononi. Aliingia kimya kwa sababu ni mtu wa kimya. Akaisikia ile "tup". Halafu ndipo akaisikia sauti ya shemeji yake gizani ikiuliza, "Nani?" Aliuliza baada ya kuvuta. Hilo ndilo lililokuwa limekaa kama mwiba katika moyo wa Mchana tangu juzi: swali lilikuja baada ya jibu.

Walisimama pale kwenye matope wakitazamana mpaka kukapambazuka. Kisha Usiku akasema, "Tuseme mwizi," na Mchana akasema, "Tuseme mwizi." Kwa maana kampuni ikijua, Usiku hana kazi, labda ana kesi, na dada yake Mchana ana watoto. Ndivyo mwizi alivyozaliwa. Na mwizi huyo, kama watoto wote wa benchi, alikuwa anakua haraka.

— Lilikuwa jitu, — Wakili alisema, akipuliza kahawa yake. — Nimeambiwa na mtu aliyeambiwa. Refu kama nguzo ya umeme, macho mekundu, linanuka bangi.

Mchana, ambaye akisimama wima anafika begani kwa mkewe, aliitazama miguu yake.

— Lina bahati hilo jitu, — Spana akasema. — Saa hizi lingekuwa limeshasahauliwa. Lakini wewe Mchana, hebu tuambie ukweli. Bunduki hii mlikuwa mnaipaka nini?

— Mimi mafuta ya cherehani.

— Na shemeji yako?

— Yale ya mgando. Ya kopo.

— Ya kopo ya kupaka wapi? — Koplo akauliza, masharubu yakianza kutikisika.

— Visigino.

Spana akainama akainusa bunduki.

— Basi ina mwili laini kunishinda mimi, — Mama Birika akasema, akimimina. — Mimi visigino vyangu vinachana shuka.

— Na hamkuambiana? — Koplo akauliza. — Mmoja anapaka hiki, mwingine kile, miezi yote hiyo?

— Nitamwambiaje? — Mchana akajibu. — Ni shemeji yangu. Nikiipokea asubuhi naiona inanata. Nikimwambia silaha yako chafu, ni sawasawa na kumwambia kinywa chako kinanuka. Kwa hiyo naipaka yangu, nanyamaza.

— Na yeye?

— Na yeye jioni anaiona inachuruzika. Anaona aibu kunisema mbele ya watu. Anaipaka yake, ananyamaza.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa heshima ya ushemeji, mafuta yalipandiana juu ya mafuta, asubuhi mepesi, jioni mazito, na manyoya ya sponji yaliyokuwa yakiruka kutoka ghalani yakashuka humo yakapata makazi. Ndani ya bunduki kulikuwa na kitu ambacho si mafuta tena wala si uchafu, kilikuwa uji. Na ndani ya uji huo pini inayogonga kitako cha risasi ilikuwa inatembea kama mgonjwa aliyeshikwa mkono kwenda msalani.

— Adabu imezidi, — Koplo akatamka.

— Wahenga walisema, — Wakili akaingilia, akiinua kidole, — kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa huyu Usiku alivuta kwa vidole vingapi?

— Wakili, bunduki huvutwa kwa kidole kimoja.

— Ndiyo kosa lenyewe!

Spana alikuwa ameshachomoa bisibisi mfukoni. Alizifungua skrubu za bunduki palepale juu ya gunia, akaitoa pini, akainyanyua ionekane. Ilikuwa imevaa koti jeusi la utelezi. Mchana aliitazama. Kitu kidogo kile, kisichofika urefu wa kidole chake cha mwisho, kilikuwa kimechelewa, na kwa sababu kilichelewa, yeye alikuwa amekaa hapa na kikombe mkononi.

— Kichovye kwenye oili ya injini, — Spana akasema. — Oili ya injini inavumilia moto. Injini inalipuka mara ngapi kwa dakika? Hii bunduki inalipuka mara moja tu kwa mwaka. Itadeka!

— Oili ya injini nzito, — Koplo akakataa. — Wakati wa baridi itaganda. Tatizo la raia ni kudhani mafuta yakiwa mengi ndiyo mapenzi. Kwanza unaiosha kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane. Unaikausha kwa kitambaa kikavu. Halafu mafuta mepesi, tone. Nasema tone, sisemi kijiko. Mtutu unaupitishia kitambaa chenye harufu tu ya mafuta, kisha kikavu. Na pale risasi inapokaa usiweke kitu. Mafuta yakiingia kwenye risasi, yanaiua baruti, unabaki umeshika rungu.

— Hayo ulifundishwa vitani, Koplo?

— Jeshini.

— Vita gani?

Koplo alikunywa kahawa polepole kuliko inavyonyweka.

— Nilikuwa kikosi cha bendi, — akasema. — Tarumbeta. Miaka kumi na tisa.

Spana aliangusha bisibisi. Wakili alilala ubavu kwa kicheko mpaka akakalia tundu la kitasa, akaruka.

— Chekeni, — Koplo akasema bila kukasirika. — Valvu ya tarumbeta ikinata mbele ya rais anayepanda jukwaani, utajua vita ni nini. Ni chuma ndani ya chuma. Mafuta ni yaleyale, na kosa ni lilelile.

— Mimi naona hamjagusa chanzo, — Wakili akasema, akijipapasa kwa siri. — Hii bunduki imekaa miaka mingapi mlangoni pa magodoro? Usiku kucha inavuta harufu yake. Ilikuwa imelala! Mafuta hayaamshi kilicholala. Ipelekwe wiki mbili mlangoni pa kinu cha kusaga, ikazoee kelele.

— Chuma hakilali, Wakili.

— Mlango wa gereji ya Spana umelala chini tangu mwaka juzi, mbona hamsemi?

— Ipakwe mafuta ya breki, — Spana akasema, kwa sababu aliguswa. — Au ya nywele, basi. Mke wangu ana ya kulainisha, yanalainisha hata maneno yake.

— Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, — Wakili akaendelea, — lakini mafuta hawakuyataja. Kwa nini? Kwa sababu mafuta yanaelea juu ya vyote viwili. Kwa hiyo bunduki ipakwe...

— Ipakwe Koplo alivyosema, — Mchana akamkata.

Alisema kwa sauti ambayo benchi halikuizoea. Mama Birika alimtazama, birika hewani.

Mchana alikwenda kwenye kibanda cha ulinzi akarudi na kopo la mafuta ya taa na fulana iliyochanika. Akaanza kuosha. Aliosha pini, akaosha tundu lake, akachokonoa uji kwa njiti ya kiberiti, na kila alichotoa alikifuta juu ya gunia, kimoja kimoja, kama anayemtoa mtu miiba mguuni. Hakuna mlinzi aliyewahi kuisafisha bunduki kwa upole namna ile. Benchi lilidhani anaipenda.

Yeye alikuwa anapiga hesabu nyingine. Isipopiga leo, mimi na shemeji tunafukuzwa. Ikipiga, kesho alfajiri nitakuja hapa getini.

— Safi! — Spana akasema. — Sasa aje tena huyo mbwa. Ningemjua mama yake, ningempelekea salamu za pole kwa kuzaa mzigo.

— Mama yake mwache, — Mchana akasema.

— Unamjua?

— Kila mtu ana mama, Spana. Mwache apumzike.

Spana alimtazama. Wakili, ambaye hawezi kuona kimya kimekaa bila kukikalia, akasema:

— Mimi nashuku huyo mwizi si wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliingia mlango mdogo, na mlango mdogo una kufuli. Alipata wapi ufunguo? Mchana, wewe ufunguo wako ulikuwa wapi?

— Ninao.

— Basi ni jini, — Wakili akahitimisha, akaridhika. — Na jini halipigwi risasi. Bunduki haikukosea!

Mchana alichovya ncha ya waya kwenye chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Tone likaning'inia. Aliliacha lining'inie muda mrefu kidogo. Koplo, aliyedhani anasita kwa kutojua, akamwambia taratibu:

— Hapo hapo, mwanangu. Hilo moja linatosha. Libaki hilo tu.

Tone likashuka kwenye pini. Mchana akalisambaza kwa kidole, akafuta kilichozidi, akairudisha pini mahali pake. Spana akakaza skrubu. Koplo akapachungulia mahali pa risasi, akapitisha kitambaa kikavu, akatikisa kichwa kwamba sawa. Wakaifunga. Mchana akaielekeza chini kwenye udongo, haina kitu ndani, akavuta.

"Tak!"

Ilikuwa sauti kavu, fupi, isiyo na huruma. Hata kuku wa Mama Birika aliinua shingo.

— Hapo sasa! — Spana akapiga makofi. — Umesikia? Hiyo ndiyo sauti! Ingekuwa hivi juzi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine!

— Marehemu angekuwa ameshazikwa na manispaa, — Wakili akasema.

— Kahawa ya bure kwa Koplo! — Mama Birika akatangaza, na jambo hilo halijawahi kutokea tangu benchi liwe mlango.

Wakacheka wote, wakagonga vikombe. Ndipo walipomwona mwanamke amesimama pembeni ya geti, kanga mabegani, kikapu mkononi, bado anahema kwa mwendo. Alikuwa dada yake Mchana, mke wa Usiku. Hakuwa na kawaida ya kufika kijiweni.

— Karibu, shemeji yetu, — Spana akasema, akimsogezea nafasi. Na kwa mara ya kwanza akamwepusha mtu na tundu la kitasa.

— Asante, sikai. — Aliitazama bunduki mapajani mwa kaka yake. — Nimesikia makofi toka kule kona. Mnashangilia nini?

— Bunduki imepona! — Wakili akasema. — Mumeo leo atalinda kama simba.

— Inapiga?

— Inapiga kama jana imenunuliwa. Koplo ameitibu.

Yule dada aliweka kikapu chini. Alilishika pindo la kanga, akimtazama kaka yake, na kaka yake akamtikisia kichwa kidogo sana, kumwomba asiseme. Lakini yeye alikuwa ametoka nyumbani kwake na mwanamume ambaye siku mbili hali, hashiki kikombe kwa mkono wa kulia, anautazama huo mkono kama wa mtu mwingine.

— Juzi mtoto alikuwa anachemka homa, — akasema. — Simu ya mume wangu ilikuwa imezimika, nikamtumia kaka ujumbe: nisaidie, wahi kidogo, umpokee mume wangu mapema aje tumpeleke mtoto hospitali. Kaka hajawahi kunikatalia. Akawahi.

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Koplo ndiye aliyeanza, maana masharubu yalishuka. Halafu Mama Birika akaishusha birika juu ya mkaa bila kuangalia anapoiweka. Spana alikuwa bado na tabasamu la makofi usoni, hajui pa kulipeleka.

— Mtoto amepona, nashukuru Mungu, — dada akaendelea. — Lakini ninyi mnajua mambo ya chuma kuliko mimi. Nauliza tu. Kama sasa hii inapiga, kesho alfajiri kaka yangu atapitaje hapa getini?

Benchi lilikuwa na watu wanne ambao kwa miaka mingi hawakuwahi kukosa jibu. Walikuwa wamemaliza vita vya nchi ambazo hawakuzijua zilipo, wameponya magonjwa, wamevunja ndoa za watu na kuzirudisha. Spana alifungua kinywa kusema taa ya geti ibadilishwe. Akakumbuka kwamba taa huungua. Koplo alitaka kusema neno la siri, kama jeshini. Akafikiri juu ya mtu mwenye mafua, mtu mwenye gunia kichwani, mvua juu ya bati. Wakili aliinua kidole. Kidole kikakaa juu, peke yake, kikangoja methali. Haikuja. Akakishusha akakificha katikati ya magoti.

— Kumbe ni wewe, — Spana akasema kwa sauti ndogo. — Mimi nimemtukana mama yako.

— Hukujua, — Mchana akajibu.

— Sasa msimamizi akija?

— Nitampa. Ataijaribu. Itapiga. — Mchana aliikunja bunduki, akaiweka juu ya gunia pale benchini, mdomo wa mtutu ukitazama ukutani. — Watoto wa dada yangu wanakula kwa bunduki hii.

— Na wewe?

Mama Birika alianza kukusanya vikombe, vingine vikiwa bado na kahawa, na hakuna aliyemlalamikia.

Jua lilikuwa bado lipo. Lilikuwa limeinama upande wa gereji, likimwaga mwanga mwekundu barabarani, mwanga ambao ungekuwezesha kumtambua mtu kwa vifungo vya shati. Kutoka kona ile akatokea mtu mrefu, anatembea katikati ya barabara pasipo gari, mikono yote miwili imeachana na mwili. Alikuwa Usiku. Wote walimwona. Mkewe alimwona, benchi lilimwona, hata kuku alimpisha.

Alipofika ng'ambo, mkabala na geti, akasimama.

— Shemeji! — akaita. — Ni mimi!

Mchana alisimama.

— Nakuona, shemeji, — akajibu. — Pita.

Usiku hakusogea. Alikaza macho kwenye gunia, akaita tena, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwingine namna ya kuita:

— Ni mimi, shemeji. Nimefika. Ni mimi.